Rangi Moja Iseme, Zingine Zisikilize



Leo nitaongea juu ya nguo. Najua wengine watacheka: ukurasa wa wasomi, sasa tumefika kwa mambo ya mavazi? Musicheke haraka. Kwetu, kijana anaweza kula mara moja kwa siku, mwezi mzima, ili siku ya kutetea kazi yake ya mwisho avae kostime ambayo hataivaa tena. Jambo lenye kutuomba njaa ya mwezi mzima linastahili tulifikirie kwa akili.

Wiki tatu kabla ya kutetea kazi yake, mdogo wangu aliniletea simu yake anionyeshe picha. Ilikuwa kostime ya zambarau, inang'aa kama gari jipya, na bei yake dola 130.

"Yaya, hii njo inanifaa," akaniambia. "Batu bakiniona tu, batajua miye ni nani."

Nikamuuliza pesa itatoka wapi. Akanyamaza. Nikaelewa. Sehemu moja ilikuwa ile tuliyomkusanyia ya kuchapisha na kufunga kazi yake, na sehemu nyingine angekopa. Nilitaka kumkemea, lakini mdomo ulikataa kufunguka, sababu nilikumbuka siku yangu mimi.

Siku ya mukaba

Miaka tisa iliyopita niliingia mbele ya juri hapa Bukavu nikiwa nimevaa hivi: kostime nyeusi ya kuazima kwa binamu yangu, shimizi nyekundu, kravate ya manjano yenye maua, viatu vyeupe vyenye ncha, shenete juu ya kravate, pete mbili, na mukaba wenye chuma kikubwa cha kichwa cha simba. Hapa lazima niwaambie kwamba mimi ni mtu mpole. Nilikuwa mtoto wa kukaa pembeni na kitabu, nikiogopa kusema mbele ya watu. Sasa nguo zangu zilikuwa za mtu mwingine kabisa, mtu wa makelele, na mimi ndani yake nilikuwa natetemeka.

Mwalimu mmoja wa juri aliniangalia kutoka juu hadi chini, akauliza kwa upole: "Bwana, tumusikilize nani kwanza, weye ao mukaba yako?"

Ukumbi wote ulicheka. Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa pili. Nilipoteza mawazo yangu, dakika kumi nzima nikawa nasoma karatasi bila kuelewa ninachosoma. Nilipita, ndiyo, lakini mpaka leo sikumbuki swali hata moja waliloniuliza. Nakumbuka kicheko tu.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kosa lilikuwa umaskini: kama ningekuwa na pesa ya kununua nguo nzuri zaidi, wasingenicheka. Mama ndiye alinitoa katika hayo mawazo. Yeye anauza bikwembe kwenye soko la Kadutu tangu sijazaliwa. Siku moja, wateja wakiwa wachache, alisema: "Papa, ile siku manguo yako haikukosa buzuri. Ilikuwa inapigana."

Akachukua kikwembe kimoja cha manjano. Akakiweka juu ya kitambaa cheupe: kikaonekana hafifu, kama kimechoka. Akakihamisha juu ya bulu nzito: kikawaka kama taa. Kisha akakiweka juu ya nyekundu, na macho yangu yakashindwa kutulia.

"Unaona? Ni kikwembe ile ile. Rangi haiko mubaya. Jirani yake njo iko mubaya."

Yale mambo ya jirani

Kumbe kitu ambacho mama anakijua kwa macho, kuna mtaalamu aliyekiandika zamani. Michel Eugène Chevreul alikuwa mwanakemia wa Ufaransa. Mwaka 1824 alipewa kuongoza kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, ambako walifuma vitambaa vikubwa vya kupamba kuta. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi za Gobelins hazina nguvu, hasa zikifumwa karibu na bulu na zambarau. Chevreul alizilinganisha na nyuzi nyeusi za mahali pengine. Hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwa rangi zilizokaa kando yake. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na wachoraji wengi wakajifunza ndani yake.

Maelezo yake si magumu. Jicho halipimi rangi moja moja, linalinganisha. Rangi nyepesi ikikaa kando ya rangi nzito, inaonekana nyepesi zaidi, na ile nzito inaonekana nzito zaidi. Rangi ya majivu ikizungukwa na nyekundu, inaanza kuvuta kidogo upande wa kijani. Tena kuna rangi ambazo zinapingana: nyekundu na kijani, bulu na rangi ya machungwa, manjano na zambarau. Ukiziweka bega kwa bega, kila moja inapandisha sauti ya mwenzake. Hiyo inaweza kuwa nzuri sana kama moja ni kubwa na nyingine ni ndogo, mfano vesti ya bulu nzito na kitambaa kidogo cha machungwa mfukoni. Lakini zikiwa na ukubwa sawa, hakuna inayokubali kunyamaza.

Sasa mukumbuke shimizi yangu nyekundu na kravate ya manjano, juu ya nyeusi, karibu kabisa na uso. Watu walikuja kuangalia uso wangu na kusikiliza mdomo wangu. Mimi niliweka ngoma tatu chini ya kidevu.

Jaribio hili unaweza kulifanya leo, bila franga hata moja. Simama mbele ya kioo, karibu na dirisha, mchana. Weka nguo moja chini ya kidevu, halafu nyingine. Usiangalie nguo, angalia uso. Kuna rangi ambayo itafanya macho yako yaonekane na ngozi yako itulie. Kuna nyingine ambayo itakufanya uonekane kama umetoka hospitali. Wengi wetu tunachagua rangi tunayoipenda kwa mtu mwingine, halafu tunashangaa kwa nini kwetu haisemi kitu.

Basapeur wanahesabu

Kama kuna watu waliosoma haya mambo bila chuo, ni basapeur. SAPE, ile jamii ya wapenda ambiansi na watu wa kupendeza, ina mizizi yake Brazzaville, hasa mtaa wa Bacongo, na ina ndugu zake Kinshasa. Upande wa Kinshasa, Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977, alifanya vijana wapende mavazi kama walivyopenda muziki. Alianguka jukwaani Abidjan akafariki, tarehe 24 mwezi wa 4, 2016, na mpaka leo ukitaja jina lake watu wanakumbuka sauti na nguo pamoja.

Wengi wetu tukimuona sapeur tunafikiri: huyu amevaa kila kitu alicho nacho. Si kweli. Brazzaville wana kanuni yao inayojulikana: rangi zisipite tatu katika vazi moja. Sapeur anaweza kuvaa kostime ya rozi ambayo mimi na wewe tungeogopa hata kuigusa, lakini hesabu vizuri: rozi, nyeupe, nyekundu, basi. Kofia inarudia rangi ya sosete, kitambaa cha mfukoni kinarudia rangi ya viatu. Makelele yake yamepangwa. Yangu yalikuwa makelele ya soko.

Kanuni ya tatu inafanya kazi kwa sababu ile ile ya jirani. Rangi zikiwa mbili ao tatu, jicho linaelewa nani ni baba wa nyumba na nani ni mgeni. Zikiwa sita, jicho linachoka kutafuta, na mwisho linaacha kutafuta wewe.

Nisifiche upande mwingine. Tunawajua wale wanaovaa viatu vya dola mia tatu na nyumbani watoto hawajalipiwa masomo. Hilo tusiliite utamaduni. Lakini ukitenganisha bei na akili, basapeur wametufundisha kitu: uzuri uko katika kuchagua na kuacha. Na kuacha hakulipishwi.

Rangi haina kamusi moja

Kwenye simu zetu kuna orodha nyingi zinazozunguka: nyekundu ni hasira, bulu ni uaminifu, manjano ni furaha, nyeusi ni mamlaka. Musizimeze nzimanzima. Rangi inasema kufuatana na mahali na watu. Leo bibi arusi kwetu anavaa nyeupe, na tunafikiri ndivyo ilivyokuwa tangu Adamu. Desturi hiyo ilienea Ulaya baada ya malkia Victoria wa Uingereza kuvaa nyeupe kwenye ndoa yake mwaka 1840. Kule China, nyeupe ni rangi ya zamani ya kuomboleza. Sasa ukisema "nyeupe inamaanisha furaha", utakuwa unasema kwa niaba ya nani?

Hapa kwetu kuna maana ambazo orodha za intaneti haziwezi kuzijua. Nitatoa tatu.

Ya kwanza: shimizi nyeupe na pantalo ya bulu nzito. Mahali pengine hayo ni mavazi salama kabisa ya kuombea kazi. Lakini Congo nzima, nyeupe na bulu ni uniforme ya shule. Mhitimu mwembamba, mwenye uso wa kitoto, akienda hivyo kuomba kazi, mlinzi wa mlangoni anaweza kumuuliza kama anamtafuta baba yake. Si lazima uache hizo rangi. Ongeza kitu kimoja kinachosema kwamba shule imeisha: vesti ya majivu, mukaba na viatu vya maroni vilivyopigwa rangi, ao badilisha bulu iwe majivu.

Ya pili: rangi za siasa. Wakati wa uchaguzi, mupira wa rangi fulani na kofia yake vinaweza kukuingiza katika chama ambacho hujawahi kukijua. Ukienda kuomba stage siku hizo, fikiri kwanza.

Ya tatu: nguo za madoa kama za askari. Kwenye caguwa zinapatikana, na kwa sinema zinapendeza. Kwetu, raia kuvaa nguo za kijeshi ni kosa mbele ya sheria, na hata kofia tu inaweza kukuletea matatizo kwenye kizuizi. Kwa hiyo usitafute tabia yako kule.

Kwa kifupi: kabla ya kuuliza "rangi hii inasema nini juu yangu?", uliza "nani ataisoma, na wapi?" Ni kama lugha. Mimi ni mtu yule yule nikiongea mashi na nyanya yangu, Kiswahili na nyinyi, Kifaransa na juri. Sijadanganya mtu yeyote. Nimechagua maneno tu.

Vitu vidogo vinavyobaki kichwani

Sasa tuje kwa vitu vidogo: saa, miwani, kofia, kitambala, bikomo, mukaba, sakoshi. Nguo inafunika mwili, lakini mara nyingi kitu kidogo ndicho kinachobaki kichwani mwa watu.

Chukueni Lumumba. Fungeni macho mumuone. Mnaona nini? Miwani, kidevu chenye ndevu ndogo, na mara nyingi ile kravate ya kipepeo. Mchoraji wa barabarani akiweka vitu hivyo viwili vitatu ukutani, hata mtoto atasema jina. Halafu Mobutu: kofia ya chui, fimbo, miwani mizito. Mobutu alielewa vizuri sana nguvu ya hivi vitu, hata akataka kuamua vya watu wengine. Katika miaka ya 1970, kwa jina la authenticité, kostime na kravate viliwekwa pembeni, wanaume wakavaa abacost, jina lililotoka kwa maneno ya Kifaransa ya kusema "chini na kostime". Wanawake wakakatazwa pantalo na nywele za bandia, wakaambiwa wavae kikwembe. Fikirieni: serikali nzima inakaa kuzungumza juu ya shingo ya mwalimu wa kijiji. Kama nguo ingekuwa kitu kidogo, wasingepoteza muda wao.

Tarehe 24 mwezi wa 4, 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, kravate nayo ilipata uhuru. Baba yangu alikuwa mwalimu. Anasimulia kwamba siku zilizofuata kravate zilitoka ndani ya masanduku zikinuka dawa ya mende, na wengine walisahau namna ya kuzifunga. Yeye hakuirudia yake. Alisema abacost imemzoea, shingo yake haitaki tena kamba. Mwenzake wa darasa la pembeni aliivaa kila siku mpaka ikapasuka. Watu wawili, mshahara mmoja, na kila mmoja alijisema kwa shingo yake.

Turudi nyuma zaidi, kabla ya kostime na kabla ya abacost. Hapa hapa Kivu ya Kusini, Balega wana Bwami, jamii yenye madaraja. Ndani ya Bwami, kofia ya mtu inaonyesha daraja lake: simbi, vifungo, shanga, na mkia wa tembo kwa wale wa juu kabisa, wanaoitwa kindi. Lakini huwezi kwenda sokoni kununua mkia wa tembo uuweke kichwani. Ishara inafuata safari. Unaivaa kwa sababu umefundishwa, umetoa, na wenzako wamekukubali.

Mukaba wangu wa simba ulikosa nini, basi? Ulikosa safari. Haukuwa na habari yoyote yangu ndani yake. Niliuchukua kwa binamu sababu ulikuwa mkubwa. Kitu kidogo kinachosema vizuri ni kile ambacho, mtu akikuuliza "hii ni nini?", uko na jibu la kweli la kumpa.

Rafiki yangu mmoja, dada mwanasheria, anavaa robo za rangi nzito, zisizo na maua, karibu kila siku. Lakini kichwani ana kitambala cha machungwa, mwangavu sana. Alichukua hiyo desturi kwa nyanya yake. Aliniambia kwamba mwanzoni bosi mmoja alimwambia ile rangi haifanani na mtu wa sheria. Hakubishana. Aliendelea kuleta kazi zake kwa wakati, na kitambala kichwani. Leo wateja wakija wanauliza: "Ule mama wa kitambala yuko?" Nataka tuseme pia ukweli huu: mwanamke anasomwa kwa nguo zake kabla hajafungua mdomo, kuliko sisi wanaume. Shimizi yangu nyekundu ilichekwa siku moja ikaisha. Robo nyekundu ya dada inaweza kupewa maana ambayo yeye hakuiweka. Sisi tunaosoma tuwe wa kwanza kuacha hiyo tabia.

Namna ya kuanza na pesa kidogo

Wengi mtaniuliza: sawa, nifanye nini kesho asubuhi? Hii ndiyo njia ninayoifuata mimi.

1. Chagua rangi mbili zenye kunyamaza. Majivu, bulu nzito, nyeusi, maroni, rangi ya udongo: mbili tu kati ya hizi. Pantalo, vesti, viatu na mukaba vitoke humo. Hivyo kila kitu kitakubaliana na mwenzake, na nguo tano zitafanya kazi ya kumi.

2. Chagua rangi moja yenye kusema, iwe yako. Itafute kwa lile jaribio la kioo. Iwe kwenye kitu kidogo: kravate, kitambala, sosete, herini, kamba ya saa. Watu wakiizoea, itakuwa kama saini yako.

3. Angalia rangi kwenye jua. Kule Kadutu nguo nyingi zinapangwa chini ya turubai. Turubai ya bulu inapaka kila kitu bulu, na taa ya manjano inaficha tofauti ya nyeusi na bulu nzito. Mimi nilishawahi kununua vesti na pantalo "nyeusi" jioni, asubuhi nikakuta moja ni nyeusi na nyingine ni bulu. Omba muuzaji ruhusa, toka hatua mbili nje, angalia.

4. Kwenye caguwa, angalia bega kabla ya rangi. Fundi anaweza kupunguza kiuno, mikono na urefu. Bega lililoanguka ni kazi nyingi na mara nyingi haliwi vizuri. Nguo ya dola 12 iliyopita kwa fundi mzuri inashinda ya dola 100 iliyokuzidi mwili. Piga hesabu ya fundi kabla ya kulipa muuzaji.

5. Vaa vitu vyote, halafu toa kimoja. Mbele ya kioo, kabla ya kutoka, jiulize ni kitu gani ukikitoa hakuna atakayekikosa. Kitoe. Siku yangu ya mukaba ningetoa vitano.

6. Ivae kabla ya siku yenyewe. Usiende mbele ya juri ao kwa bosi na nguo ambayo mwili haujaijua. Vaa hata Jumapili moja, kaa chini, inua mkono, andika ubaoni. Kiatu kinachouma kitakula nusu ya mawazo yako, na siku hiyo unayahitaji yote.

Ambacho nguo haiwezi

Sitaki mtu asome hapa atoke akifikiri kwamba kravate itampatia kazi. Tunajua sisi wote namna kazi zinavyopatikana na namna zinavyokosekana. Kuna wahitimu wenye akili kubwa na shimizi moja, wanaifua usiku na kuivaa ikiwa bado na unyevu. Ukimuona mtu wa namna hiyo, usiseme hana tabia. Shimizi moja safi kila siku, hiyo ni tabia kubwa.

Nguo ni kama mlango wa nyumba. Unamwambia mgeni ni nyumba ya namna gani, kisha anaingia. Ndani akikuta hakuna kitu, mlango hautamlisha. Lakini mlango ukimfukuza, hatajua ulikuwa umepika nini.

Na deni? Deni la kostime ni baya kuliko madeni mengine, sababu unalilipa wakati kostime yenyewe imekwisha kuwa picha kwenye simu.

Siku ya mdogo wangu

Hayo yote nilimwambia mdogo wangu, si kwa jioni moja. Alikasirika kwanza. Siku mbili hakunisalimia. Siku ya tatu alikuja mwenyewe: "Yaya, tuende Kadutu."

Tulipata kostime ya majivu, bega lake sawasawa, dola 14. Fundi alichukua dola 5 kuipunguza. Shimizi nyeupe alikuwa nayo. Viatu vya baba vya maroni vilipigwa rangi mara mbili. Pesa ya kufunga kazi yake ilibaki pahali pake, na hakukopa.

Kilibaki kitu kimoja, kravate. Mimi nilimshauri bulu nzito, nikiwa na uhakika wote wa mtu aliyesoma habari za Chevreul. Alikataa. Alikwenda kwa mama, wakachagua kipande cha kikwembe kilichobaki, kijani yenye majani ya manjano, na fundi akakishona kravate.

"Hii itapiga makelele," nikasema.

"Yaya, miye ni mutu ya mashamba," akanijibu. Alikuwa anamaliza kilimo, na kazi yake ilikuwa juu ya ugonjwa wa mosaiki kwenye mihogo.

Aliposimama mbele ya juri, niliangalia kama mama alivyonifundisha. Majivu ilinyamaza. Nyeupe ilinyamaza. Kijani peke yake ilisema, tena kwa sauti ya kawaida, karibu na uso wake. Walimuuliza maswali saa nzima: mbegu safi zinapatikana wapi, mkulima afanye nini na mimea iliyokwisha kuugua, inzi weupe wanaopeleka ugonjwa watazuiwa vipi. Alijibu mengi, mengine alisema ataendelea kuyatafuta. Hakuna aliyezungumza juu ya nguo zake. Mama alikuwa mstari wa pili, kama siku yangu, na mara hii hakuinamisha kichwa.

Mwisho, wakati wa kupeana mikono, mwalimu mmoja mzee aligusa ile kravate kwa kidole.

"Haya ni majani ya mihogo?"

"Hapana, papa. Ni kikwembe ya mama."

Mzee akacheka, akatafuta mama kwa macho akamsalimia.

Na wewe unayesoma, kitu chako kimoja ni kipi? Na mtu akikuuliza, una jibu la kumpa?